Milango ya hewa na mianya ya sili: niliyojifunza kwa kufungua injini ya RX-7 mara mbili

Siku nilipotoboa pleti ya mbele ya injini ilikuwa Jumamosi jioni, na nilikuwa nimebakiza kipande cha ukucha nimalize kupanua mlango wa kwanza wa hewa. Biti ya kabaidi ilikuwa ikila chuma polepole, kwa mlio uleule wa mchana kutwa. Mara mlio ukawa mwembamba, na vumbi jeusi la chuma likaanza kutoka limechanganyika na wekundu wa kutu. Nikazima grainda, nikamulika tochi. Juu ya mlango wa hewa palikuwa na tundu lisilozidi punje ya mchele, na ukichungulia ndani yake unaiona njia ya maji ya kupoozea injini.

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikaitazama ile pleti mpaka giza likaingia. Dar es Salaam nzima sikumjua mtu mwenye nyingine.

Gari ni Mazda RX-7 ya mwaka 1987, lile toleo la FC lililouzwa Japani, usukani kulia, lenye tabo. Nililinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Likiwa baridi lilikuwa linawaka kwa kusumbua stata. Likishapata moto ukalizima, basi ungoje lipoe ndipo liwake tena. Nimefanya ufundi wa magari miaka kumi na tisa, karibu yote kwenye injini za pistoni, na dalili hiyo niliisoma vizuri: kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, imekwisha, injini inataka ovahoo. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipojiambia kwamba kwa kuwa naifungua, basi niipanue na milango ya hewa, na kwamba mikono iliyozoea Toyota ingetosha.

Kwa asiyeijua injini hii, niielezee kidogo. Haina pistoni wala valvu. Ndani ya hausingi yenye umbo la nane nene kuna rota ya pembe tatu inayozunguka, na injini yangu, 13B, ina rota mbili. Kila chumba kina ujazo wa sentimita za ujazo 654, na kwa rota mbili inakuwa kama lita 1.3, ndiyo maana wanaiita 1.3. Hewa inaingia kupitia milango iliyokatwa kwenye pleti za ubavuni: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Rota yenyewe, inapopita, ndiyo inayoifungua na kuifunga milango hiyo. Ukibadilisha umbo la mlango umebadilisha muda wa kufungua na kufunga, sawa na mtu aliyebadilisha kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, kwenye injini ya pistoni. Tofauti ni kwamba kamshafti unaweza kuirudisha. Chuma ukishakikwangua hakirudi.

Sasa nieleze tundu lile lilitokeaje, maana kosa lilifanyika siku tatu kabla ya biti kugusa chuma.

Nilipima mlango wa kiwandani nikapata unafunga takriban digrii 50 baada ya rota kufika chini kabisa, yaani pale chumba kinapokuwa kikubwa kuliko wakati wote. Nilitaka uchelewe kufunga kwa digrii 12 zaidi, ili kwenye mzunguko mkubwa injini ipate muda wa kuvuta hewa. Lengo hilo lilikuwa la kiasi na hata leo silijutii. Nikaweka rota juu ya pleti, nikaizungusha mpaka mahali ambapo mlango unafunga, kisha nikachukua protrakta nikaizungusha rota digrii 12 mbele. Nikachora mstari kwa msumari juu ya wino wa bluu. Mstari ulionekana uko mbali, nikakiri moyoni kwamba uko mbali, lakini nikaamini vipimo kuliko jicho.

Shafti ya injini hii inazunguka mara tatu wakati rota inazunguka mara moja. Digrii zote unazozikuta kwenye vitabu vya ufundi ni za shafti. Mimi nilipoizungusha rota digrii 12, shafti ilikuwa imekwenda 36. Badala ya kufunga kwenye 62, mlango wangu ungefunga kwenye 86. Digrii 12 za shafti ni digrii 4 tu za rota. Kwenye chuma, kati ya mstari wangu na mstari sahihi palikuwa na unene wa kutosha kufika kwenye maji.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa New Zealand, nchi ambayo watu wake wamezichezea injini hizi tangu zamani. Nilimtumia picha kwa simu nikimuuliza kama tundu linazibika. Hakulijibu swali langu. Aliniuliza nimepima digrii za shafti au za rota. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, na tumbo likanishuka.

Kwa hiyo kabla hujashika grainda, fanya hivi. Funga gia tuli kwenye pleti yake, pitisha shafti, vika rota ili gia yake ya ndani ing'atane na ile tuli. Gia tuli ina meno 34, ya rota 51, na hizo ndizo zinazoiweka rota mahali pake hata kama hausingi haipo. Kisha funga diski ya digrii kwenye ncha ya shafti na usome hapo tu. Protrakta iweke kabatini. Kumbuka pia kwamba hatua moja ya injini hii, iwe kuvuta au kubana, inachukua digrii 270 za shafti, si 180 kama kwenye pistoni. Ukibeba hesabu za pistoni kichwani utajikuta unahesabu chini kabisa mahali ambapo si chini.

Jambo jingine nililolielewa kwa kuchelewa: kinachoziba mlango hasa si ukingo wa rota. Ni sili ya ubavu, ule utepe mwembamba wa chuma uliopinda kama mwezi mchanga, unaokaa milimita chache ndani ya ukingo. Kati ya rota na pleti kuna nafasi, na hewa inapita hapo mpaka ikutane na sili. Kwa hiyo ninapochora, sasa nachora mistari miwili, wa ukingo wa rota na wa sili, na katikati yake ndipo ninapoamua.

Pleti nyingine niliiagiza Japani, iliyotumika, ya toleo lilelile. Na usafiri na ushuru ilinigharimu shilingi milioni 1.1, na nikangoja wiki saba. Fedha zile zilikuwa za msingi wa nyumba yetu Chanika. Kila nikirudi nyumbani mke wangu alikuwa ananiuliza, "Baba Salma, hiyo injini imeisha au bado?" nami najibu imebaki kidogo. Sikumwambia kuhusu tundu mpaka mzigo ulipofika. Hilo linaniuma kuliko pleti yenyewe, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua fedha zinakokwenda, na nilipomwambia alinyamaza siku nzima.

Katika wiki hizo saba nilichora upya kila kitu. Mzee mmoja wa karakana ya kukereza vyuma mtaa wa Gerezani, aliyenifundisha kazi nikiwa kijana, alinipa picha kuukuu za eksirei. "Mwanangu, chora kwenye hii," aliniambia. "Karatasi inavimba na jasho la mkono." Ile plastiki inakatika safi kwa wembe, haipanuki, na unaona chuma chini yake. Nilitengeneza kiolezo cha pleti ya mbele, nikakigeuza kwa ajili ya ya nyuma, nikahakiki vyote viwili kwa shafti na diski. Pleti ya kati, yenye milango midogo inayolisha injini kwenye mzunguko mdogo, niliamua nisiiguse zaidi ya kulainisha ndani. Ndiyo inayoipa gari nguvu ya kutembea kwenye foleni, na foleni ya Tabata kila mtu anaijua.

Mipaka niliyoizingatia ni hii. Upande wa ndani, mlango usisogee kabisa kuelekea katikati, kwa sababu pale zinapita ringi za oili. Ringi ikining'inia juu ya mlango, oili inavutwa na moshi wa bluu hautakuacha. Upande wa nje, usiile njia ya sili ya kona, kile kipande kidogo cha mviringo kinachokaa kwenye kila pembe ya rota. Kinahitaji chuma cha kukanyaga muda wote. Wanaotengeneza injini za mashindano huacha daraja jembamba la chuma kwa ajili ya sili hiyo kisha wakakata tundu la pili ng'ambo yake. Hiyo ni kazi nyingine, na gari la kwenda nalo kazini halitatulia kwenye sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukingo wa kufungulia niliuacha kama ulivyotoka kiwandani. Kwenye injini ya tabo, mlango wa hewa ukiwahi kufunguka wakati wa moshi bado haujafunga, moshi wenye shinikizo unarudi kwenye hewa safi. Mlango wa moshi wenyewe niliulainisha tu, sikuupanua ubavuni, maana pale inayopita ni sili ya ncha, ule ubapa wa chuma ulio kwenye ncha ya kila pembe ya rota, na ukiinyima chuma cha kuegemea inapinda.

Ungedhani baada ya somo hilo kazi ilikwenda salama. Haikwenda.

Injini ya rota mbili ina sili za ncha 6, sili za kona 12 na sili za ubavu 12. Seti nzima na ringi zake nilinunua milioni 4.3. Sili za ncha hazikunisumbua: kimo chake zikiwa mpya ni milimita 8, na mwanya kwenye mfereji wake usizidi milimita 0.15. Mifereji yangu ilikuwa na 0.09 mpaka 0.11, nikashukuru. Sili za ubavu ndizo zinazokuja ndefu, na kila moja inatakiwa isuguliwe kwa tupa mpaka kati ya ncha yake na sili ya kona ubaki mwanya mdogo. Kipimo cha Mazda ni milimita 0.05 hadi 0.15, na ikifika 0.4 imekwisha kazi.

Nilisoma kipimo hicho, nikakielewa, nikaamua kukipita. Nilijiambia: kama mwanya ndiyo njia ya kuvuja, basi mwanya mdogo zaidi ni kompresheni nzuri zaidi. Sili nyingi nikaziacha kwenye 0.02, nyingine hata fila geji, ule ubapa wa kupimia mianya, iliyo nyembamba kabisa haikupita. Nikafurahi. Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza iliunguruma kwa sauti iliyotulia, na Salma, aliyekuwa na miaka tisa, alipiga makofi. Nilifikiri tumemaliza.

Kwenye kilomita 340 ikaanza kukataa kuwaka ikiwa na moto. Nikatoa plagi, nikafunga geji ya kawaida ya kompresheni iliyotolewa kivalvu chake cha ndani ili sindano iruke kwa kila uso wa rota. Rota ya mbele iliruka mara tatu sawasawa. Ya nyuma ikaruka mbili, ya tatu ikawa pumzi tu. Hata bila geji ungesikia: puf, puf, fss.

Kuifungua tena niliogopa. Kuna nati ya milimita 54 nyuma ya shafti, na ile siku ya kwanza niliifunga nikiwa na uhakika sitaiona tena kwa miaka.

Niliyoyakuta ndani nitayaeleza taratibu. Kwenye rota ya nyuma, sili mbili za kona zilikuwa zimekwama kwenye matundu yake. Ukizibonyeza kwa kidole hazirudi. Ncha za sili za ubavu zilizozigusa zilikuwa zimeng'aa na kutanuka, kama kichwa cha patasi kilichopigwa nyundo. Chuma kikipata moto kinarefuka. Nilikuwa sijakiachia nafasi ya kurefukia, kikajitafutia kwa kuisukuma sili ya kona mpaka ikajibana. Kwenye pleti kulikuwa na mikwaruzo ya upinde unayoisikia kwa ukucha.

Na kulikuwa na la pili, ambalo lingetokea hata kama mianya ingekuwa sahihi. Ukingo wa kufungia wa mlango wangu mpya niliuacha mkali, mraba, msafi wa kupendeza macho. Sili ya ubavu inapopita juu ya mlango haina chuma chini yake, na springi yake inaisukuma iingie. Inapofika ng'ambo inatakiwa ipande tena juu ya pleti. Ukingo ukiwa mkali, inagonga. Nilipopitisha kidole pale nilisikia kigongo kidogo, na sili moja ilikuwa imemeguka kipande cha kama nusu milimita. Ukingo ule unahitaji mteremko, milimita mbili au tatu, uliolainishwa kwa msasa mpaka ukucha upite bila kusimama. Siku hizi hiyo ndiyo sehemu ninayoifanyia kazi muda mrefu kuliko kukata mlango wenyewe.

Awamu hii sili za ubavu, za kona, springi na ringi za maji vilikula milioni 1.6. Kusawazisha pleti iliyokwaruzwa, laki mbili na nusu. Ukijumlisha na zana na oili, nilitumia zaidi kidogo ya milioni nane kwa kazi niliyoikadiria milioni tano. Mke wangu safari hii nilimwambia siku ileile. Aliniuliza swali moja tu, kama nimejua kilichoharibika au nabahatisha. Nikamwonyesha ile sili iliyomeguka.

Kusugua sili kumi na mbili kulinichukua jioni tatu, na ninaona ndivyo inavyostahili. Kwanza unasafisha mifereji. Masizi yake yametulia kama saruji, na bisibisi itaukwangua mfereji ukapanuka, kwa hiyo tumia kipande cha sili kuukuu iliyo na unene uleule kama kikwangulio. Halafu weka sili ya kona bila springi, weka sili ya ubavu kwenye mfereji wake, isukume mpaka iguse kona ya upande mmoja, upime upande wa pili. Sugua ncha moja tu, kwa tupa laini, ukifuata umbo lake. Mara mbili tatu za tupa, futa, rudisha, pima. Nilikuwa nikifika 0.06 napumzika, nakunywa maji, ndipo namalizia. Zote kumi na mbili niliziweka kati ya 0.07 na 0.09. Sili ikishapata mfereji wake usiichanganye na nyingine. Niliandika kwenye selotepu ya karatasi: rota, uso, upande, kipimo, nikaibandika kila moja kwenye kikopo chake.

Wakati wa kufunga, sili za kona zinaanguka kila ukiigeuza rota. Vaselini ya kawaida, ile ya dukani, inazishika mpaka rota ikae, na ikipata moto inayeyuka bila madhara. Baada ya kukaza kila kitu pima mchezo wa shafti wa mbele na nyuma: uwe milimita 0.04 hadi 0.07. Wangu ulisoma 0.05.

Nilitembea kilomita 1,500 za mwanzo bila kupita mizunguko 4,000 kwa dakika, nikichanganya oili kidogo ya tu-stroki kwenye petroli kila ninapojaza, kwa ajili ya sili za ncha. Msukumo wa tabo sikuuongeza. Injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka vibaya ndani yake, kwa sababu ya mafuta au joto, sili ya ncha ndiyo ya kwanza kuvunjika, na vipande vyake vinapitia kwenye tabo vikitoka.

Kwa wenye RX-8, gari jingine la Mazda lenye injini ya rota, ambazo ndizo nyingi zaidi barabarani kwetu kuliko RX-7: kwenye injini yenu hata milango ya moshi iko kwenye pleti za ubavuni. Maana yake sili ya ubavu inapita juu ya hewa na juu ya moshi, kwa hiyo mteremko wa ukingo na mwanya wa sili vinahitaji uangalifu mara mbili. Kiwanda kinaitaka kompresheni isipungue kilopaskali 680 stata ikiizungusha mizunguko 250 kwa dakika. Pimeni kabla ya kununua, na mpime ikiwa ya moto.

Gari langu sasa lina kilomita 6,200 tangu lifungwe mara ya pili. Linawaka likiwa na moto kwa mguso mmoja wa ufunguo. Likipita mizunguko 6,000 bado linavuta, mahali ambapo zamani lilikuwa linachoka. Wiki iliyopita nilipima tena: rota ya mbele 7.9, 7.8, 7.9, ya nyuma 7.7, 7.8, 7.6, kwa kipimo cha kilo kwa kila sentimita ya mraba. Ile 7.6 ni uso uleule uliomeguka sili, na nitaupima tena nikifika kilomita 10,000.

Pleti iliyotoboka nimeitundika ukutani karakana, na mstari wangu wa digrii 12 za rota bado unaonekana kwenye wino. Violezo vya eksirei ninavyo. Anayevihitaji kwa pleti za FC aje anakili, ila aje na shafti yake, rota yake na gia yake tuli, tupime pamoja kwenye pleti yake kabla hajaondoka na mchoro.